Namba waliyoiita tasa

Bukavu, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako kutoka Lubumbashi umenifikia. Unauliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Umeigawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, imekataa, na sasa umechoka.

Usivunjike moyo. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyependa hesabu kuliko kesi, aliisadiki namba hiyohiyo mwaka 1640. Alikuwa ameona 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote za ukoo mmoja: unaanza na 2, unaizidisha kwa yenyewe, jibu nalo unalizidisha kwa lenyewe, tena na tena, na kila hatua, kuanzia 2 yenyewe, unaiongezea 1. Zote tasa. Inayofuata katika ukoo huo, 2 kwa kipeo cha 32 na 1 juu yake, ndiyo yako. Fermat alikiri hana uthibitisho, lakini aliamini nayo ni tasa.

Ilikaa na jina hilo miaka 92. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi Saint Petersburg, alionyesha kwamba 641 inaigawa bila kubakiza kitu. Chukua kalamu, simu iweke kando: 6,700,417 mara 600, kisha mara 40, kisha ongeza yenyewe mara moja. Jumlisha uone.

Tena hukuhitaji kuhangaika na 7 wala 11. Euler alithibitisha baadaye kwamba kigawanyo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64. Basi unabisha hodi 193, 257, 449, 577, na mlango wa tano ni 641. Mitano tu, mwanangu! Halafu itazame 641 yenyewe: ni 5 mara 128 na 1 juu, pia ni 625 na 16. Kaa na sura hizo mbili jioni moja, utaona kwa nini haikuwa na budi kuigawa.

Neno hilo, tasa. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa, halikuniuma. Nilipolikuta katika hesabu za Kiswahili nilifunga kitabu. Miaka tisa ya ndoa niliitwa hivyo na watu niliowapakulia ugali. Hawakupima chochote, walihesabu miaka tu wakahukumu. Ndiyo maana namba hii naipenda kama mtu. Ulipozaliwa, mvua ilikuwa inanyesha Kadutu yote, nikakushika mpaka mikono ikafa ganzi.

Inayofuata, ya kipeo cha 64, nayo si tasa: jaribu 274,177. Na baada ya 65,537, mpaka leo hakuna hata moja ya ukoo huo iliyopatikana kuwa tasa.

Mjomba wako anapanda ndege Alhamisi. Nimempa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokauka vizuri, na karatasi nilizofanyia 641 nimezikunja chini ya mfuko. Usizitupe.

Mama yako