Kwa walimu vijana wa Mufindi na Kilolo, kuhusu yule anayerusha madaftari

Kamwene, wanangu.

Nimestaafu lakini simu zenu hazijastaafu, na karibu kila moja ni ya mtoto mmoja: anawauma wenzake, anatoka darasani kwa dirisha. Mnauliza achapwe au afukuzwe. Kanuni ya fimbo mnaijua: ni ya mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, haizidi viboko 4, na huandikwa kitabuni. Mimi nilichapa sana, mara nyingi bila kitabu. Sijivunii.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyempasua mwenzake kichwa kwa rula ya mbao. Nikamweka dawati la mbele ili nimwone. Akazidi! Basi nikachukua kaunta buku, kwa wiki mbili nikaandika kila alipolipuka: saa ngapi, tulikuwa tunafanya nini, nani yuko karibu. Nilipoketi kuisoma, mstari baada ya mstari, kuna mtu alikuwa amepita nyuma yake. Nikaenda kwa bibi yake. Kumbe mjomba akirudi kilabuni, ulanzi umempanda kichwani, humtandika mtoto usingizini.

Nikamhamishia kona ya nyuma, mgongo ukutani. Hakugeuka malaika, muhula ule alipigana mara mbili. Lakini zamani ilikuwa kila siku. Habari ya mjomba niliipeleka kwa afisa ustawi wa jamii, nanyi msiogope kufanya hivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila anayejua atoe taarifa.

Si kila mtoto ana mjomba wa aina hiyo. Mwingine sikio linatoa usaha, hasikii unachomwamuru. Mwingine anaduwaa sekunde chache kisha anarudi, mara kadhaa kwa siku. Hicho chaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa hospitalini, si kwa mganga. Mwingine ana njaa tu. Wapo pia ambao daftari halitawafumbua. Hao wazungumzieni na wazazi, wapelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili, hata ikibidi kupanda basi hadi hospitali ya rufaa Mbeya.

Mtasema darasa lina watoto 90. Najua. Daftari ni la mmoja tu, mstari mmoja kila anapolipuka. Na mkuu akiuliza kwa nini mkorofi amekaa nyuma, mfungulieni asome.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu