Barua kwa Waziri wa Nishati: Anza na malori ya taka

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa yadi, Tabata, alfajiri, kabla sijawasha gari. Nimeendesha semi ya Dar es Salaam hadi Tunduma miaka 12. Sasa naendesha lori la kushindilia taka hapa mjini. Kila nikisikia magari ya umeme yakizungumzwa, ni gari dogo la mtu na familia yake. Sisi tunaochoma dizeli kutwa nzima hatutajwi.

Lori langu linasogea hatua chache, linasimama. Vijana wanapakia huku injini ikinguruma, kwa sababu ndiyo inayoendesha pampu ya kushindilia. Tunasogea tena. Kijana wangu wa nyuma anavuta moshi tangu asubuhi. Jioni akijipangusa uso, kitambaa kinatoka cheusi. Siwezi kumwambia akae mbali, maana kazi yake iko palepale. Tukifika dampo la Pugu Kinyamwezi tunapanga foleni, injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila gari kusogea. Mafuta yanaisha na gari halijaenda popote.

Mota ya umeme gari likisimama haili kitu. Ukipunguza mwendo, inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Sisi tunasimama mara ngapi kwa siku? Sijawahi kumaliza kuhesabu. Halafu njia yetu ni ileile kila siku, na usiku gari linalala yadi.

Siombi dizeli iondolewe barabara kuu. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaishia tani 56, mzigo pamoja na gari lenyewe, kwa hiyo tani ya betri ni tani ya mzigo inayobaki chini, na tajiri, yaani mwenye gari, halipwi kwa kubeba betri. Kule dizeli bado ina kazi yake. Labda haibridi, gari lenye injini na mota ya umeme pamoja, ingefaa Kitonga: nimeushuka ule mlima kwa gia ndogo, na bado nanusa breki zikiungua. Nguvu yote ile inapotea kuwa moto tu. Lakini hilo lina wakati wake. Mjini tunaweza kuanza leo.

Bwawa la umeme la Julius Nyerere lina mitambo 9, megawati 2,115. Treni inakwenda Dodoma kwa umeme tangu 2024. Kama umeme unavuta treni, lori la taka haliwezi kuushinda. Dizeli tunaiagiza yote nje, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, itangaze bei tukiwa roho juu.

Ninaomba mambo mawili. EWURA iweke bei nafuu ya umeme wa usiku kwa magari ya kazi, yaani ya taka, daladala na kirikuu. Na TANESCO, shirika la umeme, ivute laini za fezi tatu, umeme wenye nguvu wa mashine, hadi yadi tunakolaza magari, kabla tajiri hajaombwa kununua lori jipya. Yadi yetu ina malori sita na laini moja, ya taa na kuchajia simu. Ukimtuma mhandisi aje kupima, mwambie aje saa mbili usiku. Malori yote yatakuwa yamerudi.

Dereva wa lori la taka,
Tabata, Dar es Salaam