Hisa za mafuta zisipimwe kwa faida ya mwaka mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba sana msizikate namba zangu maana bila hizo namba barua haipo.

Siku hizi watu wengi hapa kwetu wananunua hisa za Marekani kwa app za simu, wengine kwa hela ndogo tu, na kuna sentensi moja naikuta kila mahali, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye kurasa za biashara za magazeti yetu pia: "hii kampuni ya mafuta iko chini sana, inauzwa mara 8 tu ya faida yake". Yaani wamechukua bei ya hisa wakagawa kwa faida ya kila hisa ya mwaka uliopita wakapata 8, na kwakuwa makampuni mengine yanauzwa mara 20 au 25 basi wanasema hii ni bei ya kutupa. Kwa kampuni ya sabuni au soda hesabu hiyo inaweza ikakusaidia. Kwa kampuni ya mafuta inakupoteza, na inakupoteza zaidi pale pale inapoonekana tamu.

Tuchukue ExxonMobil, kampuni kubwa ya mafuta kuliko zote Marekani, na huku kusini jina lake tunalijua kwasababu ya gesi ya bahari kuu mbele ya Lindi, wako na Equinor, kampuni ya mafuta ya Norway, kwenye kitalu namba 2. Faida yake kwa kila hisa ilikuwa hivi: 2013 dola 7.37, 2014 dola 7.60, 2015 ikashuka 3.85, 2016 ikawa 1.88, 2017 ikapanda 4.63, 2018 ikawa 4.88, 2019 ikarudi 3.36, 2020 hasara ya dola 5.25, 2021 faida 5.39, alafu 2022 dola 13.26. Kampuni ni ile ile, na sehemu kubwa ya visima na mitambo ni ile ile. Kilichobadilika zaidi ni bei ya pipa, ambayo wao hawaipangi, wakati gharama zao za kulitoa hilo pipa ardhini hazishuki wala kupanda kwa kasi hiyo, kwahiyo kila dola inayoongezeka au kupungua sokoni inaenda kugonga moja kwa moja kwenye faida. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya Marekani yalifunga dola 37.63 chini ya sifuri, yaani muuzaji ndo anamlipa mnunuzi ayachukue kwasababu dunia imejifungia ndani kwa korona na hakuna pa kuyaweka. Machi 2022, haijafika hata miaka miwili, Urusi imeivamia Ukraine na pipa la Brent, mafuta ambayo bei yake dunia inayatumia kama kipimo, limepita dola 120.

Sasa angalia hesabu ya mwaka mmoja inasemaje. Mwisho wa 2020 hisa ya Exxon ilikuwa dola 41.22 na faida hakuna, kuna hasara, kwahiyo hata kugawa huwezi. Agosti ya mwaka huo walikuwa wametolewa kwenye Dow Jones, orodha ya makampuni 30 makubwa ya Marekani, waliyokaa tangu 1928 na kila mtu anasema biashara ya mafuta imekwisha. Mwisho wa 2022 hisa ni dola 110.30, gawa kwa 13.26 unapata 8.3. Kwa hiyo ukifuata kipimo hicho 2020 unakimbia na 2022 unanunua. Aliyenunua mwisho wa 2022 alifika mwisho wa 2024 hisa iko dola 107.57, chini ya alipoanzia, amepata gawio la dola 7 na nusu hivi kwa miaka yote miwili wakati soko zima la Marekani kwa kipimo cha S&P 500 limepanda zaidi ya nusu. Aliyenunua mwisho wa 2020 hela yake ilikuwa imezidi mara mbili na nusu ndani ya miaka miwili tu, na gawio juu yake, maana Exxon hawakulikata hata mwaka ule wa hasara.

Dawa yake ni ya zamani. Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa chuo kikuu cha Columbia kule New York, waliandika tangu 1934 kwamba faida ichukuliwe kwa wastani wa miaka kadhaa, mitano au zaidi, ikiwezekana saba au kumi. 1988 John Campbell na Robert Shiller wakaitumia kwa soko zima, miaka kumi, na faida ya kila mwaka kwanza inapandishwa kwa mfumuko wa bei ili dola zote ziwe za leo. Shiller alikuja kupata Nobeli ya uchumi 2013. Wengi wanaijua kama kipimo cha soko zima lakini mimi naona kazi yake nzuri iko hapa, kwenye kampuni moja ambayo faida yake inaruka ruka.

Sisi watu wa Mtwara hili halihitaji darasa. Msimu wa 2017 korosho ilifika kama shilingi 4,000 kwa kilo. Kuna mtu angekuja Newala kununua shamba la mikorosho kwa kupiga hesabu kwamba kila mwaka kilo itakuwa 4,000? Angeuliza miaka mingi ya nyuma, ya neema na ya njaa, achanganye zote, ndo aseme bei.

Basi fanya hivyo kwa Exxon. Mwisho wa 2022, chukua 2013 mpaka 2022, kila mwaka uupandishe kwa fahirisi ya bei ya Marekani, yaani namba inayopima mfumuko wa bei wao. Ile 7.60 ya 2014 inakuwa dola 9.40 za 2022, na hasara ya 5.25 inakuwa hasara ya 5.94, msisahau kwamba hasara nayo inapandishwa. Jumlisha zote gawa kwa kumi, unapata kama dola 5.40. Bei 110.30 gawa kwa 5.40 ni zaidi ya mara 20. Haikuwa mara 8! Rudi sasa mwisho wa 2020, miaka ya 2011 mpaka 2020 kwa dola za 2020, wastani ni kama 5.14, na bei 41.22, unapata 8. Ile 8 waliyokuwa wanaitangaza 2022 kwa kweli ilikuwepo 2020, siku ambazo hakuna mtu alikuwa anaitaja. Na mwisho wa 2024, mwaka ambao faida ilikuwa 7.84, kipimo cha mwaka mmoja kilisema 13.7 na cha miaka kumi kilisema karibu 20.

Kuna watakaosema mfumuko wa bei ni kujisumbua tu, wastani wa kawaida unatosha. Hapana. Wastani bila mfumuko kwa ile 2013 mpaka 2022 ni 4.70, na mfumuko umeupeleka 5.40, hiyo ni tofauti ya kama asilimia 15, na ni kwa nchi ambayo muda mwingi wa miaka hiyo mfumuko wake ulikuwa mdogo. Ukiacha kuupandisha unaipima kampuni kwa dola za zamani huku bei ya hisa unalipa kwa dola za leo. Alafu tafadhali wenzangu msianze kwa kugeuza faida za zamani kuwa shilingi, maliza hesabu ya kampuni kwa dola kwanza, habari ya shilingi na dola ni swali lingine la peke yake na lina hatari zake.

Sitaki kuwaficha upande wa pili kwasababu ndo unaouma. Mwisho wa 2014 hisa ilikuwa 92.45, ukigawa kwa faida ya mwaka huo unapata kama 12, na ukigawa kwa wastani wa miaka kumi uliosawazishwa kwa mfumuko, ambao ulikuwa kama 7.76, unapata 12 vile vile. Vipimo vyote viwili vikasema bei ni ya kawaida, hata nafuu. Miaka sita baadae hisa ikawa 41. Kwanini miaka kumi ilishindwa? Kwasababu 2005 mpaka 2014 karibu yote ilikuwa miaka ya neema, China inajenga, pipa limepita dola 100 mara kadhaa, mwaka mbaya ulikuwa mmoja tu, 2009. Wastani wa miaka ya neema tupu sio wastani. Aliyekumbuka kwamba 1998 pipa lilishuka mpaka karibu dola 10 angeongeza miaka ya 90 kwenye hesabu yake na angeona ile 7.76 ni kubwa mno. Mimi kwa mafuta naamini kumi ni kiwango cha chini, ukipata 15 au 20 chukua, na kabla hujagawa chochote jiulize kama ndani ya hiyo miaka kuna angalau mporomoko mmoja wa kweli wa bei ya pipa na kupanda kumoja.

Swali lingine ambalo watu wanabishana ni zile hasara za kwenye vitabu. Ile hasara ya 2020, dola bilioni 22.4, kubwa yake ilikuwa kushusha thamani ya mali za gesi, nyingi zikitokana na XTO, kampuni ya gesi ya Marekani waliyoinunua 2010 kwa bei ya juu. Wachambuzi wanapenda kuitoa wanasema sio hela iliyotoka mwaka huo. Ni kweli haikutoka mwaka huo, ilitoka 2010! Hela ilishalipwa, 2020 ndo walikiri tu. Equinor nao Januari 2021 walishusha kwenye vitabu thamani ya mradi wetu huu huu wa gesi wa Tanzania kwa dola milioni 982, je tuseme hizo hela hazikutumika? Mimi naziacha ndani. Ila anayetaka kuzitoa azitoe aone, kwa hesabu ya Exxon wenyewe bila hizo 2020 ingekuwa hasara ya senti 33 tu kwa hisa, na bado jibu la mwisho wa 2022 linashuka kutoka 20 kwenda 18 na nusu, halifiki 8 hata kidogo.

Na kuna makampuni ambayo kipimo hiki hakiwezi kuyagusa, yale ya utafutaji ambayo hayajawahi kupata faida. Pale hakuna wastani wa kupiga, mtu anayekuuzia hisa anakuuzia kisima ambacho hakijachimbwa, na gazeti linapaswa kulisema hilo wazi.

Sasa ombi langu kwa dawati lenu la biashara. Kila mkiandika kwamba hisa ya kampuni ya mafuta ni rahisi au ghali, wekeni namba mbili, ya mwaka mmoja na ya miaka kumi iliyosawazishwa kwa mfumuko, na chini yake bei ya pipa kwa kila mwaka wa hiyo kumi, ili msomaji ajionee mwenyewe kama wastani umebeba neema tupu. Kuna watu wanaweka ada za watoto kwa kusoma mstari mmoja wa kwenu. Ripoti za mwaka za Exxon ziko bure kwenye tovuti ya SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, fahirisi ya bei ya Marekani inatolewa bure kila mwezi na ofisi yao ya takwimu za kazi, na hesabu yenyewe ni kuzidisha, kujumlisha na kugawa, mwandishi mwenye laptop anaimaliza jioni moja.

Msomaji wenu,
Mtwara