Vijana wa bodaboda wa Tanga, huo waya wa mafuta mmeutia oili lini?

Wanangu wa vijiwe vyote, kuanzia Raskazone hadi Pongwe, hamjambo.

Nawaandikia nikiwa nimekasirika. Wiki iliyopita mwenzenu mmoja alikuwa anakaribia makutano, nyuma kampakia mama mwenye mtoto mgongoni. Akaachia mkono wa mafuta, ule wa kuzungusha kuongeza mwendo, ili apunguze mwendo, mafuta hayakurudi. Injini ikazidi kuvuma, yeye akakanyaga breki ya nyuma peke yake, pikipiki ikawaburuta hadi mtaroni. Mama kavunjika mguu. Mtoto, Alhamdulillahi, mzima.

Kilichonikera zaidi ni maneno ya kijiweni jioni ile. "Ajali haina kinga." "Mambo ya Mungu hayo." Pikipiki ililetwa pale gereji ninaposhinda, nikauchomoa waya wa mafuta, ule unaotoka mkono wa mafuta kwenda kwenye injini, kwa mkono wangu. Ulitoka ukikwaruza, umevaa kutu nyekundu, mchanga umeshikana na grisi nyeusi mpaka ukawa mgumu kama ukoko wa ugali. Karibu na kichwa cha waya, nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na ncha zake zimejikunja, zinakamata ndani ya ala, ile bomba linalofunika waya, kila waya unapopita. Msimsingizie Mungu. Kinga ya ajali ile ni kichupa cha oili ya cherehani, na kinauzwa hata kwenye maduka ya nyuzi na vifungo.

Naomba mnielewe hapa, maana ndipo roho za watu zilipo. Mkono wako unauvuta waya wa mafuta, lakini hauurudishi. Boxer, TVS, SanLG, nyingi mnazoendesha zina waya mmoja tu wa mafuta, wa kuvutia. Kinachorudisha ni springi ya kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, na springi ile ni nyepesi. Kutu kidogo, mchanga kidogo, ala iliyopinda vibaya, springi inashindwa. Na hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi, waya unaota kutu hata pikipiki ikiwa imelala ndani.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hujapiga kiki, vuta mafuta mpaka mwisho kisha achia. Lazima yarudi yenyewe, kwa haraka, na usikie "ta!" Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, ukiwa umekatwa kushoto mpaka mwisho, na kulia mpaka mwisho. Halafu washa, iache ingurume taratibu, kata usukani pande zote mbili. Injini ikipanda yenyewe, waya umebana au umepitishwa vibaya, na mara nyingi utakuta pikipiki ilianguka au hendo, yaani usukani, ilibadilishwa. Usipakie mtu mpaka urekebishwe. Na yakikukwamia barabarani, bana klachi, zima kwa swichi ya mkononi, shika breki zote mbili.

Kuutia oili si kazi ya kumwogopesha mtu. Fungua skrubu za nyumba ya mkono wa mafuta, toa kichwa cha waya. Chini uchomoe kwenye kabureta, na kabureta uifunike kwa kitambaa safi. Chukua mfuko mdogo wa nailoni, toboa kona, ingiza ncha ya ala humo, funga kwa kipande cha tyubu. Mimina oili nyepesi kwenye mfuko, kisha vuta waya juu na chini polepole. Kwanza yatatoka maji meusi yenye chembe za kutu. Endelea mpaka oili inayodondoka chini iwe safi kama ile unayomimina. Ukipata nafasi uache unaning'inia usiku mzima. Kila mnapomwaga oili ya injini, fanyeni na hili.

Msitie oili chafu! Nimekemea mpaka nimechoka. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi na chembe za chuma, nanyi mnaimimina mle mle ambamo chuma kinasuguana. Grisi nayo ni ya kichwa cha waya na ya bolti ya leva, ile ya kushika klachi au breki, tu, si ya ndani ya ala, kwa sababu inakamata vumbi. Kama oili ya cherehani hakuna, tumia oili mpya ya injini iliyobaki kwenye kopo.

Waya wa klachi: kwenye ncha ya leva acha ulegevu wa milimita 10 hadi 20. Ukibana kabisa, klachi inateleza na sahani zinaungua. Ukilegea mno, gia zinagoma. Kofia za mpira za ncha za waya zirudishwe. Waya uliochanika nyuzi hautibiwi kwa oili, unabadilishwa. Waya wowote usiupitishe karibu na ekzosi. Mashine ya presha isielekezwe kwenye leva wala kwenye ncha za waya.

Na waya wa breki ya mbele, wanangu, wengi mmeulegeza makusudi mkiogopa kurushwa mbele ya hendo. Yule kijana wa wiki iliyopita na yeye alikuwa kaulegeza. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma. Jifunzeni kuishika taratibu, msiiue.

Sasa niwageukie wakubwa wenzangu, kwa sababu vijana hawa hawakosei peke yao. Wewe mwenye pikipiki unataka hesabu, pesa yako ya siku, kila jioni, mvua inyeshe, jua liwake, na matengenezo yote umemwandikia dereva kwenye mkataba. Kijana akilala na njaa ili hesabu itimie, hela ya waya ataitoa wapi? Mpe nusu siku kwa mwezi isiyo na hesabu, ashinde gereji. Na nyinyi wauza spea mnaotundika dukani nyaya ambazo hazimalizi hata msimu wa masika, mnajua mnachokiuza.

Vijana, nawapenda. Ninyi ndio mlioniwahisha hospitali usiku wa manane kifua kiliponibana, na wake zetu wakishikwa na uchungu tunawaita ninyi kwanza. Ndiyo maana nafoka.

Jumamosi hii baada ya Alasiri nitakuwa gereji. Yeyote anayetaka kuonyeshwa aje na pikipiki yake, kichupa cha oili na mfuko wa nailoni. Sichukui hata shilingi. Mwambieni na yule mwenzenu aje, mkono wake ukishatolewa bandeji. Waya wake mpya nimeshamnunulia.

Ni mimi babu yenu, fundi mstaafu,
Tanga.