Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Vali mpya ya moyo ikivuja, mgonjwa anafuatiliwa na nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mbele yangu ipo karatasi aliyopewa mama yangu siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali. Alikuwa amewekewa vali mpya ya aota, mlango wa damu kati ya moyo na mshipa mkuu, kwa katheta, yaani mrija mwembamba, iliyopitishwa kwenye mshipa wa kinena, bila kupasuliwa kifua. Siku ya tatu alitembea mwenyewe kwenye korido, tukamshukuru Mungu. Chini kabisa ya karatasi kuna mstari mmoja: "uvujaji wa wastani pembeni ya vali." Hakuna aliyetueleza maana yake, wala tarehe ya kurudi haikuandikwa.

Baada ya miezi mitano mama hakuweza kulala bila kuegemea mito mitatu. Kisha mkojo wake ukawa na rangi ya kutu. Tuliambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, zikapita wiki mbili za antibayotiki bure. Kumbe damu iliyokuwa ikipenya kwa kasi kwenye upenyo mwembamba ilikuwa inavunja chembe zake nyekundu.

Mheshimiwa, kwa njia ya katheta vali iliyochakaa haitolewi. Husukumwa pembeni, na mpya hutanuka ndani yake. Penye mabonge ya kalsiamu, au vali ikiwa ndogo kuliko tundu lake, au ikikaa juu au chini mno, hubaki upenyo, na kila moyo unapolegea damu hurudi ilikotoka. Tangu daktari Alain Cribier alipomwekea mgonjwa wa kwanza vali ya namna hii huko Ufaransa mwaka 2002, vali zimeboreshwa sana, na nyingi sasa zimevishwa kitambaa kwa nje ili kuziba mianya hiyo. Lakini uvujaji wa wastani au mkubwa si jambo la kupuuzwa: matokeo ya miaka miwili ya PARTNER, utafiti juu ya vali hizi, yaliyotolewa mwaka 2012, yaliuhusisha na vifo zaidi.

Na unatibika! Mgonjwa akiwa bado mezani, daktari anaweza kuitanua vali tena kwa puto, kwa tahadhari, maana nguvu ikizidi mzizi wa aota hupasuka. Vali ikiwa imekaa vibaya, ya pili huwekwa ndani ya ile ya kwanza. Baadaye upenyo huweza kuzibwa kwa kizibo kidogo kinachopelekwa kwa katheta vilevile. Ndivyo alivyofanyiwa mama, katika hospitali nyingine, na mkojo ukarudi kuwa safi.

Ninachoomba ni agizo lako. Hospitali yoyote isiruhusiwe kuweka vali hizi bila kupima tundu la vali kwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta) kabla, na bila kuwa na mahali panapojulikana pa kumpeleka mgonjwa ambaye vali yake inavuja. Ultrasaundi ya moyo ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba yenyewe: kabla ya kuruhusiwa, ndani ya siku 30, baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Na kiwango cha uvujaji kiandikwe kwa lugha anayoielewa anayemuuguza mgonjwa nyumbani, pamoja na dalili za kumrudisha haraka: pumzi kubana akilala, miguu kuvimba, mkojo kuwa mweusi.

Mama ana ultrasaundi mwezi ujao. Tarehe nimeiandika mwenyewe kwa kalamu pembezoni mwa karatasi ile, kwa kuwa haina nafasi ya kuiandika.

Wako mtiifu,
Binti wa mgonjwa