Mjomba ndo kaniponza

Oya mwanangu, mambo vipi? Mesej yako niliiona tangu wiki iliyopita nikasema hii siijibu kwa mafungu mafungu, ntakaa niandike vizuri, sasa leo Jumapili mvua inapiga Tanga nzima, umeme upo, hakuna pa kwenda. Umeniuliza nilianzaje kutengeneza hizi programu za kompyuta zenye madirisha na batani maana unataka kumfanyia dada ya kule saluni. Ukweli ni kwamba mimi sikukaa nikapanga kujifunza, ni mjomba ndo aliniponza.

Duka lake la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani si unalijua. Daftari la madeni limechanika, limemwagikiwa rangi, mafundi wanakopa misumari leo saruji kesho, mwisho wa mwezi ni kubishana tu. Siku hiyo akasema we si unasoma mambo ya kompyuta, nitengenezee kitu. Mimi wakati ule Python yangu (lugha ya kuandikia programu) ni ile ya skrini nyeusi, unaandika jina lako inakujibu habari yako. Nikaitikia sawa mjomba kama mtu anayejua.

Nikashika Tkinter, zana ya Python ya kutengeneza madirisha na batani, kwa sababu moja tu, kwenye Windows inakuja humo humo na Python, bando haliumii. Kwenye Ubuntu yangu (mfumo wa kompyuta kama Windows ilivyo) ilibidi nivute python3-tk pembeni lakini ni kitu kidogo. Watu watakwambia ya kizamani na hawajakosea, Tk yenyewe iliyo ndani yake ni kazi ya John Ousterhout wa chuo cha Berkeley kule Marekani, ilitoka 1991, na ukiiacha na sura yake ya asili utadhani fomu ya serikali. Tumia ttk, zile batani na visanduku vyake vyenye sura mpya, inanyooka. Qt, zana nyingine ya madirisha, ni tamu zaidi, sikatai, ila utaiendea ukishajua unachokitafuta.

Kilichonitesa mimi sio kuandika kodi (maagizo ya programu, sio ya nyumba hiyo), ni kichwa kukubali kwamba mimi sio dereva tena. Kwenye skrini nyeusi unaongoza wewe, uliza jina, uliza kiasi, toa jibu, kwisha. Kwenye dirisha unapanga vitu kama mama ntilie anavyopanga masufuria halafu unakaa unasubiri, mteja anaweza kuanza na maharage, anaweza kuuliza bei akaondoka, anaweza asije kabisa. Ile mainloop unayoiona mwisho wa kila mfano ndo huko kusubiri. Sikulielewa hilo kama wiki mbili hivi, kila kosa langu lilikuwa linatokea hapo hapo. Mfano niliandika command=hifadhi() kwenye batani, programu ikifunguka tu inahifadhi deni tupu halafu batani yenyewe ukiigusa imekufa. Kumbe ukiweka mabano umemwita mtu saa hiyo hiyo, usipoweka umeipa batani namba yake impigie ikiguswa. Nyingine nilitaka maneno "Imehifadhiwa" yakae sekunde 3 yapotee, nikaweka time.sleep(3), dirisha zima likaganda, maana aliyekuwa anasubiri wateja nimemlaza usingizi. Dawa yake ni after(3000, ...), unaacha maagizo unaendelea kusubiri.

Halafu sasa cheka. Chochote kinachotoka kwenye kisanduku cha kuandikia ni maandishi hata kama unaona tarakimu. Fundi kakopa 5000, kaongeza 3000, programu ikayagandisha pamoja ikaleta 50003000. Milioni hamsini na elfu tatu, mtu kachukua misumari na brashi! Mjomba alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Kuipeleka dukani ndo vita nyingine. Kompyuta yake ni Windows 7 ya biti 32, kwa hiyo Python mwisho ni 3.8, zinazofuata hazikai humo, na PyInstaller, ile inayogeuza kodi kuwa faili la kubofya tu, ukiiendesha kwenye Ubuntu inakupa faili la Ubuntu, haikutolei la Windows hata uibembeleze. Nikaazima laptopu ya jirani yenye Windows, nikaweka Python 3.8 ya biti 32, nikatengeneza lile faili moja, nikalibeba kwenye flashi, likafunguka, mjomba akanipa soda. Jioni kafunga. Asubuhi anafungua, madeni yote ya jana hakuna. Yote mwanangu! Nilitokwa jasho. Kumbe lile faili moja kila ukilifungua linajikunjua kwenye folda ya muda, ukifunga folda inafutwa, na mimi hifadhidata yangu ya SQLite (faili linalotunza madeni) nilikuwa nimeiweka pembeni ya kodi, yaani humo humo kwenye folda ya kufutwa. Kilichoniokoa mzee hakuniamini, alikuwa bado anaandika kwenye daftari kimyakimya. Nikaihamishia kwenye Documents yake, na kila deni likiingia nafanya commit, yaani naliandika kabisa kwenye diski, papo hapo maana umeme wa huku unaujua.

Ila lililoniuma zaidi ni dogo kuliko hayo. Siku moja nimesimama nyuma yake naangalia, kaandika 12,000/= kama anavyoandika maisha yake yote, kabofya Hifadhi, kimya. Kabofya tena, kimya. Mara tano, akageuka akasema mashine imegoma. Mimi najua nini kimetokea, int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, imekataa ile koma na ile /=, lakini Tkinter kosa la ndani ya batani haiangushi programu, inaliandika kwenye skrini nyeusi, na ile skrini nyeusi mimi mwenyewe ndo niliificha ili ionekane ya kisasa. Kwa hiyo kosa linapiga kelele kwenye chumba kisicho na mtu. Siku hiyo hiyo nikaondoa koma na /= kabla ya kubadilisha kuwa namba, na kikibaki kitu kisichoeleweka linatokea dirisha dogo linasema kwa Kiswahili "Andika kiasi kwa tarakimu". Na tena maus haipendi, anaandika anapiga Enter anasubiri, ikabidi niiunganishe Enter ifanye kazi ya Hifadhi.

Kwa hiyo hiyo ya dada anza na dirisha moja, jina la mteja, huduma, pesa, basi. Usiweke rangi kwanza. Chagua grid au pack (njia mbili za kupanga vitu dirishani), usizichanganye ndani ya fremu moja, itakugomea. Ukimaliza kaa nyuma yake nusu saa usiseme neno, hata akibofya pasipo.

Kodi yangu ntakutumia ukinipa imeili inayofanya kazi, ile ya zamani inarudi. Na ukija mwezi ujao tafadhali pitia Kariakoo uninunulie kibodi ya kawaida ya yuesibii, ya mjomba herufi N imekufa na nusu ya mafundi wake sahivi wamesajiliwa bila N.