Mhariri, waulizeni hiyo haidrojeni ya majitaka ni gramu ngapi kwa siku

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu hii stori ya haidrojeni ya majitaka ambayo siku hizi inazunguka kwenye magrupu yote, eti unachukua maji ya chooni unatia unga fulani, jua linawaka, gesi ya kuendeshea magari inatoka na maji yanabaki masafi. Mimi nilisoma kemia halafu naishi jirani na mabwawa ya majitaka ya Vingunguti (nikisema jirani namaanisha upepo ukigeuka hata chai hainyweki) kwahiyo habari hii inanihusu kichwa na pua.

Niseme wazi, sio uongo. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ukiunganisha kipande cha titaniamu dayoksaidi na platinamu ndani ya maji halafu ukakimulika, maji yanaachana, haidrojeni huku oksijeni kule. Titaniamu dayoksaidi sio kitu cha ajabu, ndo inayofanya rangi za ukutani ziwe nyeupe. Shida yake inatumia altravayoleti tu, ule mwanga usioonekana kwa macho, ambao kwenye jua lote linalotupiga ni kama asilimia 5 hivi, mwanga mwingine wote unapita bure. Toka hapo watu wanahangaika miaka zaidi ya 50 kutafuta katalisti (yaani ule unga unaosukuma kazi bila wenyewe kuliwa) itakayotumia mwanga mwingi zaidi na isiharibike majini.

Sasa majitaka yanaingiaje? Hapa ndo wengi wanapachanganya, wanadhani faida ya majitaka ni yale maji. Hapana bana, kilo moja ya haidrojeni inataka lita 9 tu za maji, maji sio ishu. Kinachosaidia ni uchafu wenyewe. Mwanga ukiipiga katalisti unang'oa elektroni (chembe ndogo sana ya umeme), ile elektroni ndo inaenda kutengeneza haidrojeni, na pale ilipotoka panabaki tundu lenye njaa linalotafuta wa kumnyang'anya elektroni nyingine. Kwenye maji masafi inabidi liyanyang'anye maji yenyewe, kazi ngumu na ya taratibu, na elektroni nyingi zinarudi tunduni kabla hazijafanya lolote. Ila kukiwa na sukari, alkoholi, gliserini au yurea ya kwenye mkojo, tundu linakula hizo fasta, uchafu unavunjwavunjwa na haidrojeni inaongezeka. Tena oksijeni inakuwa haitoki kwa wingi, jambo zuri sana maana hizo gesi mbili zikikaa chombo kimoja cheche ndogo tu inatosha kukulipua. Kaboni dayoksaidi inatoka lakini, hiyo kwenye klipu huwa hawaisemi.

Ila hiyo gliserini ya maabara ni safi, imetiwa kwenye maji masafi! Majitaka ya kweli tunayajua sisi wa huku. Meusi, yana tope, mchanga, mafuta ya kupikia, mwanga unakufa sentimita chache tu kutoka juu. Ile salfaidi inayonuka mayai viza inaiua platinamu, na bakteria wanaota utando juu ya katalisti mpaka inafunikwa. Kwahiyo uyachuje kwanza, na hela ya kuchuja ni ile ile ambayo tungekuwa nayo chemba za mtaani zisingekuwa zinafurika kila mvua ikinyesha na watu wasingekuwa wanatapisha vyoo usiku.

Halafu namba. Jaribio kubwa la nje juani linalojulikana ni la kina Kazunari Domen wa Chuo Kikuu cha Tokyo, lilichapishwa 2021, paneli za mita za mraba 100, na hapo ni maji masafi. Siku nzuri kabisa waligeuza asilimia 0.76 ya nishati ya jua kuwa haidrojeni. Tupige hesabu ya Dar, jua letu ni kama yuniti 5 (zile zile za umeme, kWh) kwa mita ya mraba kwa siku, mita 100 ni yuniti 500, asilimia 0.76 yake ni yuniti 3.8, yaani haidrojeni gramu 115 hivi. Kufikia nishati ya mtungi wa gesi wa kilo 6 utasubiri siku 20, na eneo lenyewe ni la kujenga nyumba! Chuo cha Michigan 2023 walifika asilimia 9.2 ndani ya maabara na 6.2 nje juani, ila ni kipande kidogo kinachokusanyiwa mwanga kwa lenzi kubwa. Wakati huo huo mita 100 zile zile ukiweka sola za kawaida unapata kama yuniti 100 kwa siku, ukitumia huo umeme kupasua maji unatoka na karibu kilo 2. Yaani zaidi ya mara 15, kwa vifaa vinavyouzwa leo.

Na uchafu wenyewe, mbona unajulikana pa kupeleka? Magereza ya Rwanda yanapikia bayogesi ya vyoo vya wafungwa toka mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya KIST ya Kigali ikapewa tuzo ya nishati ya Ashden 2005 kwa kazi hiyo. Bakteria wanaotengeneza bayogesi hawahitaji platinamu, hawahitaji hata jua, usiku wanapiga kazi. Sisi methani, ndo gesi inayowaka kwenye bayogesi, ya mabwawani inajiendea hewani huku tunahubiriwa nishati safi ya kupikia.

Simaanishi watu wasitafiti. Vyuo vyetu vikitaka kujaribu vianzie viwanda vya bia na sukari, maji yao machafu yanajulikana yana nini na hayabadiliki badiliki kama ya vyooni. Ombi langu kwenu ni hili, mwandishi wenu akienda kumhoji mtu wa teknolojia hii asirudi na picha za chupa zinazotoa mapovu tu, amuulize ni gramu ngapi kwa mita ya mraba kwa siku, kwa maji yaliyochotwa wapi, na katalisti ilidumu saa ngapi kabla haijachoka. Akigoma kujibu, andikeni kwamba amegoma.

Msomaji wenu,
Vingunguti, Dar es Salaam